Rangi za Matrekta ya Zamani Zilitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwenye trekta kuukuu hakosi kuulizwa mambo ya rangi: na mnunuzi, na fundi, na hata mpita njia aliyesimama kutazama. Majibu mengi yanayozunguka ni porojo tupu. Haya hapa ni yale yenye mashiko, na pale porojo ilipo tamu nimeitaja pia ili ujue inavyojulikana.

Matrekta ya mwanzo yalikuwa na rangi gani?

Mengi yalikuwa ya kijivu. Fordson, iliyoanza kutoka kiwandani Marekani mwaka 1917, ilikuwa na mwili wa kijivu na magurudumu mekundu. Farmall ya International Harvester iliingia sokoni mwaka 1924 ikiwa vivyo hivyo. Case ilikuwa ya kijivu, Twin City ya kijivu, hata Caterpillar ambayo leo kila mtu anaijua kwa njano yake ilikuwa ya kijivu. Waliokwepa kijivu wengi walipaka kijani kilichokolea. Kwa hiyo ukiangalia picha za maonyesho ya kilimo ya miaka ya 1920, zile zisizo na rangi, usisikitike sana. Hata ungekuwepo uwanjani usingeona tofauti kubwa.

Kwa nini kijivu na si rangi nyingine?

Bei. Kijivu kilipatikana kwa kuchanganya unga mweupe wa risasi au zinki na masizi, vitu viwili vilivyokuwa rahisi na tele. Kiliziba vizuri chuma cha kusubu, ambacho chenyewe ni cha kijivu, kikaficha vumbi na madoa ya oili, na pakikwaruzwa hapaonekani sana.

Rangi kali zilikuwa na matatizo mawili. Unga wake ulikuwa ghali, na nyekundu nyingi za wakati ule zilipauka juani upesi. Isitoshe, rangi ya mafuta ya kitani ilichukua muda mrefu kukauka, na kiwanda kinachotoa trekta moja nyuma ya jingine hakina nafasi ya kuyaanika yote. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, zilipokuja rangi za viwandani zenye gundi ya kutengenezwa kwa kemikali, aina ya alkidi. Zilikauka haraka, zikang'aa, zikastahimili jua kuliko zile za zamani. Watu wakisimulia habari za rangi za matrekta hupenda kuwataja wakurugenzi na ndoto zao. Mimi naona mkemia anastahili nusu ya sifa.

Mbona magurudumu yalikuwa mekundu au ya njano wakati mwili ni wa kijivu?

Ni urithi wa mikokoteni. Mikokoteni mingi ya farasi ya mashambani Marekani ilikuwa na sanduku la rangi iliyotulia na magurudumu ya rangi kali. Waliotengeneza mikokoteni na plau ndio hao hao walioingia kwenye matrekta, wakaja na mazoea yao.

Nani alianza kutumia rangi kali?

Anayetajwa zaidi ni Allis-Chalmers ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mwaka 1929. Kabla ya hapo matrekta yake yalikuwa ya kijani. Mkuu wa kitengo cha matrekta alikuwa Harry Merritt. Inasimuliwa kwamba alipokuwa California aliona maua ya porini ya rangi ya chungwa, yaitwayo popi, yakiwaka shambani kutoka mbali sana, akajiuliza kwa nini trekta lisionekane namna hiyo. Aliporudi, Model U ikapakwa rangi iliyopewa jina Persian Orange.

Ua au si ua, mahesabu ya biashara yalikuwa wazi. Mkulima anayepita barabarani akiona kitu cha rangi ya chungwa kinakwenda na kurudi upande wa pili wa shamba la jirani, anajua papo hapo ni trekta la kampuni gani, bila kusoma maandishi. Ni tangazo linalolipiwa na mteja mwenyewe.

Wakati nao ulisaidia. Mwaka ule ule wa 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na mauzo ya matrekta yakafuata. Kampuni zilizokuwa zinauza bila jasho zikaanza kugombania wateja wachache waliobaki. Allis-Chalmers hawakuishia kwenye rangi. Mwaka 1932 walifunga tairi za mpira za upepo kwenye Model U badala ya magurudumu ya chuma, na mwaka 1933 wakamkabidhi dereva maarufu wa mbio za magari, Barney Oldfield, trekta lililorekebishwa akalikimbiza kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hebu fikiria uko barabarani na trekta la rangi ya chungwa linakupita kwa kasi hiyo!

Kwa hiyo tairi za mpira zina uhusiano na rangi?

Uhusiano mkubwa, na watu wengi hawaufikirii. Trekta la magurudumu ya chuma lenye meno lilikaa shambani, kwa sababu barabarani lilikuwa linachimba njia na kumtikisa dereva hadi meno yamuume. Tairi za mpira zilipokuja, trekta likaanza kutoka: linakwenda mjini, linavuta tela, linakutana na magari. Trekta la kijivu jioni kwenye barabara ya kijivu ni hatari. Rangi kali ikawa pia suala la usalama. Caterpillar walihamia njano mwishoni mwa mwaka 1931 wakiwa na wazo hilo hilo, maana mashine zao zilikuwa zinatengeneza barabara huku magari yakipita.

Farmall ikawa nyekundu lini?

Mwishoni mwa mwaka 1936. Hili ni muhimu kwa anayekarabati, kwa sababu modeli zake za F-12, F-20 na F-30 zilitengenezwa pande zote mbili za tarehe hiyo. F-20 ya mwaka 1934 iliyopakwa nyekundu inapendeza, lakini kiwandani ilitoka ya kijivu. Namba ya chasisi ndiyo itakayokuambia ukweli. Tangu mabadiliko hayo nyekundu ile ilibaki na International hadi mwisho wa kampuni, na mwaka 1985 kitengo chake cha kilimo kilipochukuliwa na wenye Case, matrekta ya Case IH yakaendelea kuwa mekundu.

Nimeona picha ya Farmall nyeupe. Ni ya uongo?

Si lazima. Mwaka 1950 International walitoa matrekta madogo, kama Cub, yakiwa meupe kwa ajili ya maonyesho ya mauzo. Yalikusudiwa kuvuta macho kwa muuzaji, kisha yakishauzwa yapakwe nyekundu. Mengi yalipakwa, machache yakaponea. Ukikwaruza nyekundu ya Cub ya mwaka huo ukakuta nyeupe chini yake, na si praima (rangi ya msingi inayotangulia), usiendelee kukwaruza. Mtafute anayeyajua matrekta hayo kwanza.

Kijani na njano ya John Deere: ni kweli kijani ni majani na njano ni mahindi yaliyokomaa?

Ni maelezo matamu na watoto huyapenda. Lakini John Deere alikuwa mhunzi aliyetengeneza plau kuanzia mwaka 1837, na kampuni yake haikuingia kwenye matrekta kwa kishindo hadi mwaka 1918, iliponunua kiwanda cha Waterloo Gasoline Engine kule Iowa. Trekta la kiwanda hicho, Waterloo Boy Model N, lilikuwa tayari na mwili wa kijani na magurudumu ya njano, na injini nyekundu juu yake. Deere nao walikuwa wamezoea kijani na njano kwenye zana zao. Kwa hiyo ndoa ilifungwa na watu waliovaa sare tayari. Model D ya mwaka 1923, trekta la kwanza la magurudumu kubeba jina la John Deere na kuuzwa kwa wingi, ikafuata mkondo huo. Katika miaka ile wenzao walipohama kutoka kijivu, Deere hawakuwa na haja ya kuhama.

Je, kampuni inaweza kumiliki rangi?

Hapa pana kesi mbili, na zimekwenda kinyume.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1982, Iowa. Deere waliishtaki Farmhand, kampuni iliyokuwa inatengeneza vijiko vya kupakilia vinavyofungwa mbele ya trekta, kwa kupaka vijiko hivyo kijani cha Deere. Mahakama ikawanyima Deere ushindi kwa sababu ambayo mkulima yeyote ataielewa: mwenye trekta la kijani anataka kijiko kinachofanana nalo. Ukimkataza mtengenezaji mwingine kutumia kijani, unamzuia kuuza, hata kama kijiko chake ni kizuri.

Ya pili ni ya mwaka 2017, Kentucky, dhidi ya FIMCO, watengenezaji wa mashine za kunyunyizia dawa. Safari hii Deere walishinda. Mahakama iliona kwamba kijani na njano, vikitumika pamoja, vilikuwa vimeshakuwa alama mashuhuri ya kampuni, na kwamba mnunuzi angeweza kudhani mashine zile zimetoka kwa Deere.

Kwa maoni yangu majaji wa mwaka 1982 walikuwa karibu zaidi na shamba. Lakini sheria ya sasa ndiyo hiyo.

Ferguson ya kijivu: kwa nini aliendelea na kijivu wakati wote wamehama?

Kwa sababu Harry Ferguson alikuwa Harry Ferguson. Mtu huyu wa Ireland ya Kaskazini alichukia mapambo. Trekta lake la majaribio la mwaka 1933 alilipaka nyeusi tii. Lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London, na jina lake ni hilo hilo la rangi yake. Alitaka mtu aangalie kazi ya mashine: mikono mitatu ya nyuma inayofunga plau, na haidroliki inayoinyanyua. Matrekta aliyotengeneza pamoja na David Brown kuanzia mwaka 1936 yalikuwa ya kijivu cha manowari.

Mwaka 1938 alikwenda Marekani akapeana mkono na Henry Ford bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata ikatoka Ford 9N, ya kijivu kitupu. Walipokosana, Ford walitoa 8N mwaka 1947, wakaweka kijivu cheupe kwenye mabati na nyekundu kwenye chuma cha chini. Hapo rangi ilikuwa kama talaka iliyobandikwa ukutani: kila mtu aliona kwamba Ferguson hayumo tena. Alishtaki, na mwaka 1952 shauri likaisha kwa Ford kulipa dola milioni 9.25.

Yeye alikuwa ameshaanza TE20 huko Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 517,000, yote ya kijivu.

Basi nyekundu ya Massey Ferguson ilitoka wapi?

Kwa upande wa Massey-Harris, kampuni ya Kanada iliyokuwa na matrekta mekundu yenye magurudumu ya njano. Ferguson aliungana nao mwaka 1953. Kwa miaka michache kila upande uling'ang'ania rangi yake, na wauzaji wao walikuwa wanashindana ilhali bosi ni mmoja. FE35 ya mwaka 1956 ilikuja na mabati ya kijivu na injini ya rangi ya dhahabu iliyofifia kama shaba. Ni trekta zuri sana kwa macho, na nadhani ndilo lililopakwa vizuri kuliko yote ya familia hiyo. Halikudumu. Jina jipya la Massey Ferguson lilipoanza kutumika, mabati yakawa mekundu na mwili wa chini ukabaki wa kijivu. Ukiitazama MF 35 au MF 135 kwa jicho hilo unaona mkataba wenyewe: juu Massey, chini Ferguson.

Wanaokarabati MF 35 huku kwetu hupenda kupaka nyekundu mpaka kwenye giaboksi. Acha. Chini ni kijivu.

Fordson ilibadilika rangi mara ngapi?

Mara nyingi. Ilianza na kijivu. Uzalishaji ulipohamia Cork, Ireland, na baadaye Dagenham, Uingereza, ikawa ya buluu yenye magurudumu ya rangi ya chungwa. Mwaka 1937 ikapakwa chungwa mwili mzima. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, trekta la chungwa katikati ya shamba likawa shabaha inayoonekana vizuri kutoka angani, basi ikapakwa kijani. Vita ilipokwisha mwaka 1945 ikaja E27N Major, na buluu ikarudi. Kwa hiyo mtu mwenye Fordson Model N anaweza kujua kipindi chake kwa rangi iliyojificha chini kabisa, mradi isiwe imesuguliwa yote.

Case, Minneapolis-Moline na Oliver je?

Kwa ufupi. Case waliacha kijivu mwaka 1939 wakaingia Flambeau Red, nyekundu inayoelekea chungwa, na katikati ya miaka ya 1950 wakaiongezea kaki ya mchanga. Minneapolis-Moline, iliyozaliwa mwaka 1929 kwa muungano wa kampuni tatu, ilichagua njano ya dhahabu na kuiita Prairie Gold, yenye magurudumu mekundu. Oliver ilikuwa ya kijani yenye magurudumu mekundu, na kijani chake si cha Deere hata kidogo, ingawa wauza rangi wasio makini watakuuzia kopo moja kwa yote mawili.

Kwa nini David Brown husemwa ni ya pinki wakati ni nyekundu?

VAK1, trekta la kampuni hiyo la mwaka 1939, lilipakwa rangi ya makoti ya wawindaji mbweha wa Uingereza. Makoti yale ni mekundu, ila wawindaji wenyewe huyaita ya pinki, na jina likaenda na trekta. Mwaka 1965 kampuni ikahamia nyeupe yenye kahawia ya chokoleti. Kama unayo nyeupe na kahawia, ukaona nyekundu kwenye kona, chunguza isije ikawa ni spea ya trekta la zamani zaidi.

Haya ni ya Ulaya na Marekani. Matrekta ya Kihindi tunayoyaona Tanzania na Kenya yana historia gani ya rangi?

Ni historia ile ile imezunguka dunia. Mahindra waliingia kwenye matrekta mwaka 1963 kwa ubia na International Harvester, na matrekta yao ni mekundu. TAFE ya Madras, ambayo sasa ni Chennai, ilianza kuunda Massey Ferguson mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa nyekundu ya Massey. Escorts walishirikiana na Ford kuunda matrekta ya Ford India mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Farmtrac yao ni ya buluu. New Holland nayo ni ya buluu kwa sababu Ford walikuwa wameinunua mwaka 1986, na Fiat waliponunua vyote viwili kuanzia mwaka 1991 hawakuitupa buluu iliyokuwa inajulikana.

Ndiyo maana matrekta yaliyoletwa Tanzania na SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, wakati wa mpango wa Kilimo Kwanza, yaani Farmtrac na New Holland, yalifanana kwa rangi na Ford 5000 ambazo wazee walikuwa wamezizoea. Fundi wa Morogoro anayesema zote ni za ukoo mmoja hajakosea sana.

Rangi inaweza kupotea hata kama kampuni imeununua urithi wake?

Inaweza. Allis-Chalmers walipouza kitengo cha matrekta kwa Deutz wa Ujerumani mwaka 1985, chungwa likafutwa na kijani cha Kijerumani kikaingia. Wateja wa zamani walinuna. Mwaka 1990 wasimamizi wa Marekani walikinunua kitengo hicho, wakaanzisha AGCO, na chungwa likarudi. Lanz Bulldog ya Mannheim ilikumbwa na kama hayo: Deere walipoinunua kampuni mwaka 1956, haukupita muda mrefu Bulldog zikawa zinatoka za kijani na njano.

Nitajuaje rangi ya asili ya trekta langu?

Usiangalie boneti. Boneti na madigadi hupakwa upya kila anapokuja mnunuzi. Tafuta mahali ambapo brashi ya mtu haifiki: chini ya kisanduku cha betri, nyuma ya dashibodi, nyuma ya kibati cha namba ukikifungua skrubu zake, ndani ya kifuniko cha tenki, na chini ya kiti mahali springi inapobana.

Ukishapata sehemu, chukua msasa laini, uloweshe maji, usugue taratibu kwa mviringo mahali padogo kama sarafu. Tabaka zitajitokeza kama pete: ya nje ndiyo ya mwisho kupakwa, ya ndani kabisa ndiyo ya kwanza. Nyekundu, chini yake buluu ya mwenye nyumba fulani aliyependa buluu, chini yake nyekundu iliyopauka, chini yake kahawia. Hiyo kahawia ni praima, si rangi ya asili. Piga picha ikiwa mbichi bado, maana maji yanairudishia rangi mwangaza wake.

Kiwandani walikuwa wanapaka kwa ustadi gani?

Kwa haraka. Matrekta mengi yalipulizwa rangi yakiwa yameshaungwa, kwa hiyo bolti, mabomba ya mafuta, hata sehemu za waya na mpira zilipata rangi. Zana kama plau mara nyingi zilichovywa kwenye pipa, ndiyo maana unakuta machozi ya rangi yameganda kwenye ncha za chini. Anayeng'arisha kila bomba la shaba kwa brasso anatengeneza kitu kizuri, ila si kilichotoka kiwandani.

Kuna hatari kusugua rangi ya zamani?

Ipo, na ichukulie kwa uzito. Njano, kijani, chungwa na hata kijivu za enzi hizo mara nyingi zina risasi. Vumbi lake likivutwa au kumezwa huathiri ubongo, na watoto huumia zaidi. Usisugue kavu, usichome kwa moto wa gesi, usitumie mashine ya kusagia bila barakoa ya kuchuja vumbi laini. Fanyia kazi mbali na nyumba na mbali na kuku. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mabaki uyafunge kwenye mfuko badala ya kuyafagia shambani.

Nikienda dukani niombe nini?

Usiombe "nyekundu ya Massey." Nyekundu hiyo yenyewe imebadilika kadiri modeli zilivyobadilika, na kila mchanganyaji ana yake. Peleka kipande cha bati chenye rangi ya asili iliyokuwa kivulini, kisha mwambie fundi achanganye mpaka zilingane. Mpe apulize kwenye bati jingine, ulisubiri likauke kabisa, halafu ulitoe nje ulitazame juani kando ya kipande chako kabla hujalipia lita nzima. Taa za dukani hudanganya, hasa kwa chungwa na kwa kijivu.